Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa siku tatu: nipangeje bahari, kibali na magofu?

BintiRufiji aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Tunapanga kwenda Kilwa tukitokea Dar: watu wazima wanne, mzee wa miaka 68 ambaye magoti yanamsumbua, na watoto wawili wa miaka 9 na 12. Hatuna gari, tutapanda basi.

Mpango wa awali ni huu: Ijumaa tunasafiri, Jumamosi tunakwenda kisiwa cha Songo Mnara, Jumapili asubuhi Kilwa Kisiwani, kisha jioni tunarudi Dar. Je, unawezekana? Kibali kinachukuliwa wapi? Na kwa watu ambao hawajasoma akiolojia, tuangalie nini pale ili tusirudi na picha za kuta tu? Naomba majibu ya kina, hata kama ni marefu.

NahodhaWaJimbizi alijibu:

Dada, kabla hujachagua Jumamosi ipi, angalia mwezi wa angani. Songo Mnara haiendeki kwa kufuata kalenda ya ofisini.

Upande wa kushukia kuna mikoko na tope. Maji yakiwa yamejaa, boti inaingia karibu. Yakiwa yamekupwa, boti inabaki mbali na mnatembea kwenye matope na miamba kwa muda mrefu, na hapo mzee wenu hatapita. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, pwani yetu hii maji hukupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Maana yake mkiondoka asubuhi mnafika wakati mbaya kuliko wote, na mkisubiri yajae mnarudi gizani.

Chagueni maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kukupwa sana, kama tarehe 8 hadi 10 ya mwezi mwandamo, au 22 hadi 24. Siku hizo maji hujaa saa nne au saa tano asubuhi, na hata yakikupwa hayaendi mbali. Ondokeni Kilwa Masoko, mji wa bara, saa moja asubuhi. Kwa boti ya mashine ni mwendo wa saa moja na nusu hadi saa mbili, kwa hiyo mnafika maji yanamalizia kujaa. Mnapata saa tatu za kutembea na mnang'oa nanga saa saba mchana kabla tope halijatokeza. Kila siku maji husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo siku mbili tu zinabadilisha hesabu nzima. Hata hivyo mwulizeni nahodha, msimwamrishe saa.

Kuhusu upepo: Songo Mnara iko kusini ya Kilwa Kisiwani. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, mnakwenda mkiwa mmeukabili upepo, mnaloa, halafu kurudi ni raha. Wakati wa kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ni kinyume chake: kwenda mtelezo, kurudi mchana mawimbi yanawapiga usoni. Vyovyote vile, simu na kamera zifungwe kwenye mifuko ya plastiki miwili miwili. Kabla ya kupanda, hesabuni jaketi okozi kichwa kwa kichwa na mzijaribishe watoto palepale ufukweni. Jaketi ya mtu mzima humvuka mtoto wa miaka 9 akiingia majini. Kama hakuna ya saizi yake, tafuteni boti nyingine.

Kibali kinatolewa Kilwa Masoko. Magofu haya yako chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania), na malipo yanafanywa kwa namba ya malipo ya serikali, hata kwa simu. Nendeni Ijumaa kabla ofisi haijafungwa, mkiwa na vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Semeni wazi kwamba mnakwenda visiwa vyote viwili, na muombe mwongoza watalii hapohapo. Fedha ya boti mara nyingi ni taslimu. Benki iko Masoko, kisiwani hakuna.

Jumapili jioni kurudi Dar iondoeni kwenye mpango. Mabasi mengi ya kurudi huondoka alfajiri. Laleni Masoko, mwondoke Jumatatu. Kwenda, magari ya kusini mnayapata Mbagala. Ni kama kilometa 300, wekeni mwendo wa saa sita. Mkikosa la moja kwa moja, pandeni la Lindi au Mtwara, mshuke Nangurukuru, kisha mchukue gari dogo hadi Masoko, kama kilometa 30. Msiende masika. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na magari yakakwama pande zote mbili.

MchomaChokaa alijibu:

Nahodha amemaliza habari ya bahari. Mimi naongeza ya mawe, maana wengi hupita pale kwa dakika 40 na kuondoka bila kuona kitu.

Siku ya Kisiwani anzeni na Husuni Kubwa, msianze na Msikiti Mkuu. Husuni haina paa wala kivuli na saa tano jua linachoma. Msikiti una kuba, utawasubiri. Husuni iko juu ya jabali, mashariki ya mji, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka Gereza, ngome ya kale iliyo ufuoni. Ni kasri la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100, na maandishi yaliyopatikana pale yanamtaja Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Ndiye aliyekuwa akitawala msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, na watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi. Lioneni birika la pembe nane, yaani bwawa la maji lililojengwa, kisha kaeni kwenye ngazi za ua wa baraza mtazame bahari. Chombo chochote kilichoingia kilionekana kutoka hapo, na mji huu ulitajirika kwa dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo.

Msikiti Mkuu una sehemu mbili na mpaka wake unaonekana kwa macho. Upande wa kaskazini, wenye mihrabu, ndio wa zamani, karne ya 11 hadi 12, na ulikuwa na paa bapa. Upande wa kusini uliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14. Sehemu kubwa yake ikaanguka, na kuba na matao mnayopita chini yake leo ni ya ujenzi mpya wa karne ya 15. Ndani ya kuba, inueni macho mtazame lipu: alama za mbao walizotumia kushikilia zege ya chokaa ilipokuwa mbichi bado mnaweza kuzifuatilia.

Sasa jambo dogo ambalo likikukaa kichwani unasoma magofu yote ya pwani, kuanzia Kilwa hadi Gedi kule Kenya. Simama ndani ya chumba chochote cha nyumba ya mawe, tazama ukuta mrefu karibu na juu. Utaona mstari wa matundu yamepangana kwa nafasi sawa. Humo ndimo vilikaa vichwa vya boriti za mikoko. Sasa pima upana wa chumba kwa hatua: ni kama mita 2 na nusu, mara chache sana kufika 3. Tajiri angeweza kurefusha chumba apendavyo, lakini upana uliamuliwa na boriti. Ndiyo maana vyumba vya waungwana ni virefu na vyembamba, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, na cha ndani kabisa ndicho chenye giza na siri zaidi.

Jiwe nalo ni la aina mbili. Kuta ni mawe ya mwamba wa nchi kavu, magumu na yenye kwaruzo, yaliyounganishwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa juu ya lundo la kuni. Miimo ya milango, mihrabu na zidaka (vishubaka vya ukutani) ni matumbawe laini yaliyokatwa baharini. Yakiwa mabichi yanachongeka, yakikauka yanakuwa magumu. Mkaribie mwimo mmoja, utaona vitundu vidogo kama vya sega la nyuki, na kingo zake bado kali baada ya miaka 600.

Songo Mnara, iliyostawi kuanzia mwisho wa karne ya 14 na kuachwa karne ya 16, ni bora kuliko Kisiwani kwa kuona nyumba. Ni mji mzima wa makazi: nyumba za mawe zaidi ya 40, misikiti, makaburi na ukuta. Angalieni nyua zilizochimbwa chini ya usawa wa vyumba zikiwa na ngazi za kukalia. Kwenye lipu, ukiangaza tochi ubavuni mwa ukuta badala ya kuielekeza mbele, unaweza kuona vyombo vya matanga vilivyokwaruzwa kwa ncha kali. Jua la asubuhi linafanya kazi hiyo bila tochi.

BintiRufiji:

Asanteni sana, kweli mmetupa darasa. Tumeamua kufuata maji mafu na kulala hadi Jumatatu. Je, mzee tumwache Masoko siku ya Songo Mnara? Na miezi ipi nyasi zinakuwa chini?

NahodhaWaJimbizi:

Kwa magoti mabovu, Songo Mnara ni ngumu hata maji yakijaa: kuna kuruka kutoka kwenye boti, mizizi, na vifusi njiani. Kisiwani anaweza vizuri. Vuka naye asubuhi, ni dakika 10 hadi 15 kwa mashine. Mwombeni nahodha amshushe karibu na Gereza, azunguke Gereza, Msikiti Mkuu na msikiti mdogo wa kuba, vyote viko karibu karibu. Ninyi wengine nendeni Husuni kwa miguu mkamkute. Anaweza pia kupanga pikipiki kama ipo kijijini, muulizeni mwongozaji siku moja kabla.

Nyasi: baada ya masika vichaka hufunika kuta hadi mtu unapita bila kujua kuna mlango. Agosti hadi Oktoba ndio wakati mzuri. Maji ya kunywa lita 2 kwa mtu Kisiwani, lita 3 Songo Mnara, na chakula mbebe. Viatu viwe raba kuukuu za kufunga kamba. Kandambili hunaswa na tope, na magamba ya chaza kwenye mizizi ya mikoko hukata mguu kama wembe.

MlinziWaKale alijibu:

Naongeza mambo ambayo watu huyapuuza, nayo ndiyo yanayoumaliza urithi wetu.

Chini mtaona vigae vingi: vya kijani vya China, vya buluu na nyeupe, na vyungu vya kwetu vyenye michoro. Watoto wataokota. Waruhusuni kutazama, halafu kirudi palepale kilipotoka, kwa sababu kigae kikishatoka mahali pake mtafiti hawezi tena kusema chumba kile kilikuwa cha nini wala cha lini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inakataza kuchukua. Mkiuziwa sarafu za shaba za Kilwa, msinunue hata kama ni za bei ndogo. Ukinunua moja leo, kesho mtu anachimba shimo kando ya msikiti kutafuta nyingine.

Msipande juu ya kuta kwa ajili ya picha. Chokaa ya juu imeshalowa mvua za miaka mingi, jiwe moja likichomoka maji huingia katikati ya ukuta na masika yanayofuata ubavu mzima unaporomoka. Mkiona kiraka cha saruji ya kijivu, tazameni kingo zake: saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na jiwe la pembeni hubanduka vipandevipande. Matengenezo ya sasa hutumia chokaa, ndiyo maana viraka vipya ni vyeupe.

Marekebisho kidogo kwa wanaosema Gereza ni la Wareno. Wareno walijenga ngome pale 1505 na kuondoka 1512; sehemu kubwa ya kuta zilizosimama leo ni ya Waomani, karibu na mwaka 1800. Mkiwa hapo nendeni upande wa bahari, mwone mawimbi yalivyokula ufuo. Mmomonyoko na kubomoka kwa majengo ndivyo vilivyoifanya UNESCO, iliyoyaandika magofu haya kuwa Urithi wa Dunia 1981, kuyaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 hadi 2014. Mikoko iliyopandwa kuvunja nguvu ya mawimbi msiikanyage mnaposhuka.

Kijiji cha Kisiwani ni watu wanaoishi, na makaburi yale bado yanaheshimiwa. Akina mama wawe na kanga, wanaume wasiende vifua wazi, na mpige hodi kabla ya kupiga picha uani kwa mtu. Droni bila kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) msiibebe kabisa.