Kumfunga kizazi mbwa jike: upasuaji wa kawaida au wa matundu na kamera?

Nansio_Kwetu: Wakuu habari. Niko Ukerewe, mbwa wangu jike nataka afungwe kizazi. Apasuliwe kawaida hapa Mwanza mjini, au nimpeleke Nairobi kwenye ule wa matundu na kamera? Nataka kuamua ndani ya wiki mbili.

BwiruJuu: Mkuu umetunyima taarifa. Umri? Kilo? Joto la mwisho (kutaka dume) lini? Ana kupe?

Mama Buzuruga: Kamera! Matundu mawili au matatu madogo, kama nusu sentimita hadi moja, tumbo linajazwa gesi ya kabonidioksidi daktari aone vizuri, vifuko vya mayai vinatolewa. Maumivu machache, anapona mapema.

IgomaMfugaji: Nusu kaputi ni ileile lakini, na gharama iko juu. Fundi mzuri wa kisu cha kawaida anatosha.

Kirumba_Dada: Fundi peke yake hatoshi. Wangu alipasuliwa kawaida, kliniki siitaji. Nilikabidhiwa jioni ileile bado analewa dawa, hakuna kola ya shingoni ya kumzuia asilambe mshono, hakuna hata kidonge cha maumivu. Alilia usiku kucha. Kesho yake akalamba mshono mpaka nyuzi zikaachia, nyama ikaanza kuchungulia. Ilikuwa Jumapili, simu ya daktari inaita tu. Nilimzungushia kanga safi tumboni, nikampakia bajaji hadi Nyakato kwa daktari mwingine, akamshona upya. Popote uendako, uliza kwanza: dawa ya maumivu ni ipi, na usiku nani anapokea simu?

Nansio_Kwetu: Pole sana dada. Ana mwaka na nusu, kilo 25, chotara wa German Shepherd. Joto limeisha mwezi uliopita. Kupe wapo, tunaogesha dawa.

BwiruJuu: Basi wiki mbili zisahau! Mishipa ya kizazi bado imejaa damu, subiri itimie miezi miwili mitatu tangu joto liishe, iwe kisu au kamera. Na apimwe damu kwanza. Homa ya kupe hupunguza chembe zinazogandisha damu, anaweza kuvuja mezani.

Mama Buzuruga: Tena kwa Shepherd, kamera hiyohiyo inaweza kutumika kulishikiza tumbo la chakula lisije likajisokota.

Mzee wa Mwaloni: Mwacheni azae mara moja kwanza, ndiyo afya yake.

Kirumba_Dada: Shikamoo mzee. Kuzaa hakumkingi na chochote. Kadiri anavyopitia joto, hatari ya uvimbe wa matiti inapanda, na uzeeni mfuko wa uzazi unaweza kujaa usaha. Hapo ni kupasua kwa dharura.

Mzee wa Mwaloni: Marahaba. Ila watoto wa Shepherd Ukerewe wanagombewa.

IgomaMfugaji: Kwani kwenye kivuko cha kutoka Ukerewe kuja Mwanza wanampokea mbwa?

Nansio_Kwetu: Nitamfunga mdomo kwa kitambaa.

BwiruJuu: Usithubutu! Mbwa hupoza mwili kwa kuhema mdomo wazi. Tafuta kikapu cha mdomo.

Nansio_Kwetu: Vikapu hivyo soko la Makoroboi hapo Mwanza vinapatikana?