Mbunge wetu "Mtetezi wa Ziwa": nionyesheni kura moja tu aliyolipigia hilo ziwa

Wadau, naandika nikiwa na hasira na mikono inanuka petroli, kwa hivyo mnivumilie.

Jumatatu alfajiri tulikuwa tunarudi na omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Zimebaki kama mita mia mbili tufike ufuoni, gugumaji likatufungia njia. Si vile vishada unavyovisukuma kwa kasia. Ni zulia zima, ndege wanatembea juu yake kama wako shambani. Mizizi ikajizungusha kwenye propela, injini ikakohoa, kimya. Tulikaa hapo masaa manne. Mmoja ananing'inia nyuma ya boti na panga anakata, wengine tunasukuma kwa mti, jua linapanda, omena wanaanza kulegea. Akina mama wanaotununulia tunawaona kabisa nchi kavu, wamekaa juu ya beseni zao wanatungoja. Tulipofika, mmoja akachota kiganjani, akanusa, akasema, "Hii ni ya kuku, mwanangu." Bei ya omena wa kuku mnaijua.

Sasa pale tunapofungia boti pamesimamishwa bango jipya. Mheshimiwa mwenyewe, ndani ya buti za mpira ambazo hazijawahi kuona tope, ameshika mche wa mti. Chini yake herufi kubwa: MTETEZI WA ZIWA.

Jina na jimbo silitaji, sina pesa ya wakili. Mwenyewe atajijua. Na nyinyi mnaoishi kando ya ziwa hili kuanzia Busia hadi Migori, huenda mnaye wenu wa kufanana naye.

Huyu bwana alianza siasa 2013 kama mwakilishi wadi, na kilichompa kiti ni takataka. Enzi zile kila mgombea aliyepita Kisumu alikuwa anaapa juu ya Kachok, lile jalala la kando ya uwanja wa Moi. Yeye aliwashinda wote kwa mdomo. 2017 akaenda bungeni Nairobi. 2022 tukamrudisha, na kura yangu ilikuwemo, nakiri.

Kwenye vipeperushi vyake kuna mstari unasema "nilipiga kura kuondoa mifuko ya plastiki nchini." Soma tarehe basi. Marufuku ya mifuko ilitoka kwa notisi ya waziri, Judi Wakhungu wakati huo, kwenye gazeti rasmi la serikali. Haikuwa mswada wa kupigiwa kura. Ikaanza kazi tarehe 28 Agosti 2017. Yeye na wenzake wa bunge lile waliapishwa tarehe 31 Agosti. Kwa hivyo alipiga kura siku tatu kabla ya kuwa mbunge, juu ya kitu ambacho hakikupigiwa kura. Hata mganga hawezi hiyo.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta rekodi yake yote. Nimeshinda siku saba kamili kwenye saiba, nasoma Hansadi, ile kumbukumbu ya yote yanayosemwa bungeni. Na nikagundua kwa nini hawa watu wanalala usingizi mzuri. Miswada mingi bungeni hupita kwa sauti. Spika anauliza wanaosema ndiyo, ukumbi unanguruma, wanaosema la, mmoja anakohoa, basi, imepita. Hakuna jina linaloandikwa. Majina huandikwa hasa wabunge wakisimama kudai kura ya kuhesabiana. Kwa hivyo mtu anaweza kukaa miaka saba akila mandazi kwenye kantini ya bunge, halafu aje kuwaambia alipigania kila kitu, na huna karatasi ya kumkanusha nayo.

Lakini kunyamaza kunaonekana. Mswada wa misitu wa 2021, ule uliotaka kulegeza ulinzi wa mipaka ya misitu mpaka nchi nzima ikapiga kelele: jina lake silioni. Sheria ya taka ya 2022, inayozidai kaunti zijenge vituo vya kuchambua taka badala ya kumwaga tu: hayumo, yeye aliyeingia siasa kwa mgongo wa jalala! Marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2023, yaliyotiwa saini tarehe 1 Septemba, siku tatu kabla wakuu wa Afrika hawajaketi Nairobi kwa mkutano wa tabianchi. Mle ndani ndimo mlimowekwa kwamba mradi wa kaboni wa ardhini, yaani ule wa kulipwa kwa kuhifadhi kaboni kwenye mimea na udongo, uipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Vinamasi vyetu vya mafunjo vinahifadhi kaboni, hili lilikuwa jambo letu kabisa. Nimemkuta kwenye Hansadi ya wiki hizo, ndiyo. Anauliza habari ya barabara.

Halafu ikaja Juni 2024. Mswada wa fedha ulikuwa na ushuru wa mazingira ndani yake, wa matairi, nepi, simu, betri. Sisi wa omena tunaishi kwa betri, usiku taa ndiyo inayowaita samaki. Mimi mwenyewe sikuwa na uhakika niukubali au niukatae, maana betri zilizokufa tunazitupa humo humo majini, tusidanganyane. Nilichotaka ni mbunge aseme kitu. Tarehe 20 majina yakahesabiwa kweli kweli: 204 ndiyo, 115 la. Wabunge ni 349. Toa, jumlisha, utapata kama thelathini ambao hawako upande wowote. Mtetezi wa Ziwa ni mmoja wao. Siku ambayo kura ilikuwa na jina, hakuwepo.

Na msiniletee ile ya "lakini anapanda miti." Gugumaji halijali miche yake. Gugumaji linakula maji taka, linakula mbolea inayoshushwa na Nyando mvua ikinyesha, linanenepa na uchafu wa Kisat unaopita katikati ya mji. Mwisho wa 2022 wenye vizimba vya samaki huku Kisumu walitoa samaki waliokufa kwa magunia, ikasemwa hewa ilikosekana majini. Dawa ya hayo iko kwenye bajeti ya maji taka na kwenye sheria inayouma, na vyote viwili hupitishwa mahali ambapo yeye analipwa mshahara kukaa.

Niseme na hili la mwisho ingawa mke wangu amenikataza. Kuna malori yanamwaga muramu kwenye mafunjo nyuma ya ufuo wetu. Jumamosi nilihesabu kumi na moja kabla ya saa nne asubuhi. Pale ndipo samaki aina ya kamongo wanapozalia, na ndipo wazee wanapokata mafunjo ya mikeka. Ukimuuliza dereva kiwanja cha nani, anacheka tu, anakuambia, "Si cha mtetezi wenu?" Labda anatania. Lakini Katiba kifungu cha 122 inamkataza mbunge kupiga kura kwenye jambo analofaidika nalo kifedha. Nikakaa nikawaza, kumbe huenda mheshimiwa anaheshimu Katiba kuliko sisi sote, ndiyo maana hapigi kura yoyote ya mazingira.

Kama kuna mtu ana ukurasa wa Hansadi wenye jina lake na neno "ziwa" kwenye sentensi moja, auweke hapa. Nitafuta uzi huu na kuomba radhi kwa jina langu kamili.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Kijana wa ofisi yake amenipigia simu. Sijui namba yangu kaipata wapi. Nilidhani ananitisha, kumbe ananialika: Ijumaa mheshimiwa anapanda miche mia tano hapa ufuoni na wanataka "vijana wa ziwa" wawepo kwenye picha. Nikamuuliza kuhusu kura. Akaniambia hilo atalifuatilia, kisha akauliza navaa fulana saizi gani.