Nimenunua nyumba, nimebakiwa na milioni 6: nianze na paa, rangi au pavingi?

Mtoto wa Gerezani
Wakuu, habari za jioni. Nimekamilisha kununua nyumba, vyumba vitatu, haijachoka sana. Mfukoni imebaki milioni 6. Sitaki thamani ishuke, siku nikitaka kuuza nisibembelezane na madalali. Nawaza kubadili bati, au kupaka rangi nje na ndani, au kupiga pavingi uwanja mzima. Kipi kitangulie?

Fundi Pima Maji
Nyumba ipo wapi? Bati geji ngapi, yaani unene wake? Unakaa mwenyewe au unapangisha? Umeleta mgonjwa bila kusema anaumwa wapi.

Mama Wawili
Rangi. Mteja ananunua kwa macho. Yetu ya Tabata madalali walikuwa wanaipita tu, tulipopaka krimu na kahawia kidogo chini, simu zikaanza kuita. Darini hakuna anayepanda.

Fundi Pima Maji
Mnunuzi mjanja anampandisha fundi, dada yangu. Mimi nimeshapandishwa mara nyingi tu.

Chumvi ya Bahari
Pavingi uwanja mzima, maji ya mvua yaende wapi? Kwa jirani? Masika ikifika mtapelekana kwa mjumbe. Weka gata na simtanki kwanza. Maji yakidondoka sehemu ile ile kila mvua yanachimba msingi, na yakiruka yanalowesha ukuta.

Mtoto wa Gerezani
Samahani, nilikuwa kazini. Ipo Kigamboni, Mjimwema, baharini ni kwa miguu. Geji siijui, bati ni jekundu na lina kutu kwenye misumari. Pia kuta kwa chini zinamwaga unga mweupe, rangi inabanduka kama futi mbili toka sakafuni. Aliyeniuzia alisema watoto walikuwa wanachezea maji.

Fundi Pima Maji
Watoto walizunguka nyumba nzima na ndoo? Hiyo ni chumvi. Ama tofali zilifyatuliwa kwa maji ya kisima, ama chini ya kuta hawakuweka nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini na kubeba chumvi. Maji yakikauka chumvi inabaki usoni na kusukuma rangi. Usinunue hata brashi kwa sasa.

Shangazi wa Toangoma
Sikilizeni ya kaka yangu. Naye alinunua nyumba yenye unga huo huo. Fundi akamwambia dawa ni kubandika tailizi ukutani hadi usawa wa kiuno, sebuleni na koridoni. Ikapendeza kweli, wageni wanasifia. Masika ya pili unyevu ukatokeza JUU ya tailizi, maana huku chini umezibiwa pa kutokea, ukaendelea kupanda. Swichi ya koridoni ikawa inapiga shoti. Fremu za milango zikaoza kwa chini, na mchwa wanapenda mbao mbichi, wakaingia. Alipobandua tailizi plasta yote ikaja nayo, tofali unazikwangua kwa kijiko. Fundi akipigiwa simu yuko msibani, kila wiki msiba. Mwishowe wakabomoa plasta hadi juu ya alama ya unyevu, ukuta ukaachwa wazi ukauke, wakapiga upya kwa mchanga wa mto na saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Hela ya tailizi ilikwenda bure. Na rangi safari hii akapaka ya maji, kwa sababu ya mafuta inazuia ukuta kupumua.

Mama Wawili
Pole kwa kaka. Ila bado nasema mlango wa mbele upakwe.

Chumvi ya Bahari
Kuhusu bati: kama kutu iko kwenye misumari tu, usibadili paa. Ng'oa misumari, weka skrubu zenye raba, kagua pale paa mbili zinapokutana, piga rangi ya bati. Likiwa limetoboka, nunua geji 28, achana na 32. Namba ikipanda bati linakuwa jepesi, na upepo wa bahari hauna huruma.

Mwana Kibada
Nje ya mada: mita ya LUKU bado ina jina la muuzaji? Kodi ya majengo inakatwa humo tangu 2021, sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida.

Mpangaji Sugu
Na sisi wapangaji ndio tunaokatwa, mwenye nyumba hata asante hasemi.

Mwana Kibada
Mdaie kwenye kodi ya pango.

Mpangaji Sugu
Nimdai mzee anayeshika funguo za geti?

Fundi Pima Maji
Jamani, mada. Mkuu, hujajibu kama unakaa au unapangisha. Weka picha ya ukuta na ya mbao za paa kwa ndani. Na karo liko upande gani? Likiwa karibu na ukuta unaomwaga unga, huenda hata si ardhi, ni karo linavuja.

Mwana Kibada
Ukishindwa nipo na mteja, anachukua ilivyo.

Chumvi ya Bahari
Dalali keshafika 😂

Mtoto wa Gerezani
Karo liko nyuma, upande wa jikoni, na kweli huko ndiko kubaya zaidi. Picha naweka Jumapili. Kuna fundi wa skrubu anayepatikana Kigamboni? Halafu kuna tatizo jingine: mke wangu keshanunua ndoo mbili za rangi, ya mafuta.

Mama Wawili
Rangi gani?