Tumebadilisha mwimbaji katikati ya albamu. Nyimbo za wa zamani tuzirudie au tuziache?

Nyuzi Saba
Wakuu, naomba ushauri kabla ya Ijumaa, fundi wa kumiksi anasubiri mafaili. Bendi yetu ni ya muziki wa metali, ina miaka tisa. Albamu ina nyimbo nane: tano kaimba mwimbaji wa zamani, ambaye hatuko naye tena, tatu kaimba mpya tuliyempata miezi minne iliyopita. Wa zamani ana sauti safi ya juu, mpya ananguruma. Ukizisikiliza mfululizo utadhani bendi mbili zimegongana mlangoni.

Halafu tulirekodi wote chumba kimoja, kwa hiyo sauti ya wa zamani ilivuja kwenye maiki za dramu. Nikifuta treki yake bado anasikika kwa mbali, nyuma ya matoazi. Nifanyeje? Matusi hapana.

Mzee wa Besi
Kijana, usiogope. Bendi ya Iron Maiden waliachana na mwimbaji wao Paul Di'Anno 1981, akaingia Bruce Dickinson, na albamu ya 1982 ikawa ya kwanza kwao kushika namba moja Uingereza. Bendi yangu mimi ilikufa kwa sababu ya mwimbaji. Mazoezi yakianza saa kumi, yeye anafika saa moja na mafua. Mafua mwaka mzima! Iko siku nitaleta uzi wake.

Kiti cha Nyuma
Nakaa hapa, sisukumwi.

Mama Distoshen
Mleta mada, umeruka kitu. Huyo wa zamani aliondokaje? Bendi ya Nightwish walimpa mwimbaji wao Tarja Turunen barua ya kumfukuza baada ya onyesho la Oktoba 2005, wakaianika mtandaoni, na mpaka leo watu wanaizungumzia hiyo barua.

Nyuzi Saba
Tulimwandikia kwenye kundi la bendi, kisha tukamtoa kwenye kundi. Ila swali langu ni la maiki.

Mama Distoshen
Kwa hiyo hata kujibu hamkumpa nafasi. Na maneno ya hizo nyimbo tano kaandika nani?

Nyuzi Saba
Yeye. Lakini rifu zote, yaani vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, ni zangu, dada, na bila rifu hakuna wimbo.

Fundi Waya
Nijibu swali, maana naona limekosa mwenyewe. Sauti iliyovuja haifutiki yote. Kwenye ngoma za toms na snea utaibana kwa geti, yaani kifaa kinachokata sauti ndogo, lakini maiki zinazoning'inia juu ya dramu zinabeba kila kitu. Mpya akiimba melodi ileile kwa mapigo yaleyale, atamfunika. Akibadilisha, mzimu wa yule wa zamani utasikika. Na msije mkashusha nyuzi za gitaa ili kumsaidia mpya: mzimu utabaki kwenye ufunguo wa zamani na vitagombana. Dawa ya kweli ni kurudia dramu.

Huyo mpya anafika juu kweli? Blaze Bayley alipoingia Maiden baada ya Dickinson kuondoka, jukwaani alibeba nyimbo zilizotungwa kwa koo la Dickinson. Zilimtesa.

Nyuzi Saba
Hafiki. Kiitikio cha wimbo wa pili nimekirudia mara arobaini, nikaishia kukohoa mpaka taa ya maiki ikawa nyekundu.

Mama Distoshen
"Nimekirudia"?

Kiti cha Nyuma
😂😂😂

Nyuzi Saba
Sawa. Mwimbaji mpya ni mimi.

Sikupanga. Tulijaribu watu wawili, hawakufaa, nikasema nishike kwa muda. Nyimbo mbili kati ya zile tano nimeshaziimba upya, usiku, peke yangu. Mpiga dramu nimemwambia ni sauti ya mwongozo tu. Na jalada limeshachapwa, jina langu lipo. Msinione mbaya, mtu lazima aimbe.

Mpelelezi wa Zamu
Hii ni chai. Mwanzo "tulimpata miezi minne iliyopita", sasa ulikuwepo miaka tisa. Ulijiokota wapi? Na jalada linachapwa vipi wakati albamu haijamiksiwa? Huyu hana hata gitaa.

Mzee wa Besi
Mimi nilijua tangu mwanzo.

Mama Distoshen
Hukujua, mzee, ulikuwa kwenye mafua.

Nyuzi Saba
Niliandika hivyo kwa aibu. Jalada niliharakisha mimi. Sekunde ishirini hizi hapa, treki za dramu peke yake.

Fundi Waya
Nimesikiliza kwa hedifoni. Siyo chai. Kabla ya dramu kuingia kuna mtu anahesabu mpaka nne, halafu anacheka kidogo.

Nyuzi Saba
Ndiye. Alikuwa anacheka hivyo kila tukianza.

Mpelelezi wa Zamu
Nimesikia. Naondoa neno chai. La jalada bado.

Fundi Waya
Hizo tano ziache na sauti yake, jina lake liandikwe, na umwombe ruhusa kwanza. Wewe tunga zako kwa koo lako. Bendi ya Faith No More walikuwa na muziki tayari, mwimbaji mpya Mike Patton akaingia, akaandika maneno yote ya albamu yao ya 1989 kwa takriban wiki mbili. Hakuvaa viatu vya mtu.

Nyuzi Saba
Na jalada?

Mama Distoshen
Namba yake bado unayo?

Nyuzi Saba
Ninayo. Sijui kama hajanibloki.

Kiti cha Nyuma
Samahani kuingilia, kuna mwenye pedali mbili za dramu anayeuza? Yangu ya kushoto imekatika mnyororo.