Msitu na chai kwa siku moja: Amani, Lushoto au Kakamega?

BintiTanga
Wadau, habari za humu. Wazazi wanakuja Tanga mwezi wa nane. Mzee alifanya kazi ya misitu mpaka akastaafu, mama hajawahi kuuona mchai shambani. Nina siku moja tu ya kuwatembeza, na mzee magoti yanamsumbua. Nimekwama kati ya msitu wa Amani na Lushoto, kote milima ya Usambara. Rafiki yangu Mkenya yeye anasisitiza Kakamega. Naombeni ushauri.

Mbondei_Halisi
Dada, Amani. Tokeni Tanga alfajiri, piteni Muheza mpaka Sigi, geti la kuingilia hifadhi ya msitu wa Amani, pale kwenye stesheni ya zamani ya reli ya Wajerumani. Hapo bado kuna joto na vipepeo wamejaa. Barabara inapanda kona baada ya kona hadi mita 900 hivi, na hewa inabadilika kabisa. Mara unaingia kwenye chai: upande huu vichaka vimekatwa sawasawa kama zulia, upande wa pili msitu umesimama. Mama aangalie mikono ya wachumaji. Majani mawili na chipukizi, chap, yako kapuni mgongoni, na mchumaji macho yake yameshahamia kichaka kingine. Ombeni ruhusa kwa msimamizi kwanza, wale wako kazini.

MsambaaWaSoni
Mimi ni wa Lushoto na kwetu nakupenda. Kutoka Mombo ni lami, msitu wa Magamba una ubaridi wake mtamu, na ukisimama Irente unaiona nyika ya Mazinde yote chini yako. Ila dada nikuambie ukweli: chai yetu iko upande wa Bumbuli na Mponde, si jirani na Magamba. Ukilazimisha vyote kwa siku moja kutoka Tanga, mzee atashinda ndani ya gari. Lushoto njooni mlale.

Isukha254
Hamjambo. Kakamega kutoka Tanga haiendeki kwa siku moja, hilo lieleweke. Lakini wazazi wakifika magharibi ya Kenya siku yoyote, wasiikose. Ni kipande cha msitu wa aina ile ya Kongo, ambacho Kenya hakina mwenzake. Na chai ipo! Mwaka 1986 serikali ilianzisha Nyayo Tea Zones: mikanda ya chai ikapandwa kwenye kingo za misitu ili mashamba yasizidi kuingia ndani. Kwetu chai ni uzio wa msitu. Upande wa Isecheno kuna njia tambarare na mbega wanaonekana bila taabu. Kilima cha Lirhanda mzee akiache.

MpendaMiti
Kwa mzee wa misitu, kura yangu ni Amani. Wajerumani walifungua kituo cha utafiti pale mwaka 1902, na bustani yake ina miti iliyoletwa kutoka mabara mbalimbali. Aombe kuonyeshwa mti wa Maesopsis eminii: uliletwa, ukaenea ndani ya msitu wa asili kila palipovunwa magogo. Atakuwa na mengi ya kusema. Tukumbuke pia kwamba chai ya Amani imekaa palipokuwa msitu. Kuna kinyonga wa milimani huko, dume lake lina pembe tatu, na jina lake la kisayansi, deremensis, limetokana na Derema, ambako leo ni shamba la chai. Na maji ya bomba ya Tanga mjini yanatoka mto Sigi, kupitia bwawa la Mabayani. Huo msitu ndio unaotunywesha, BintiTanga.

BintiTanga
Asanteni sana, basi ni Amani. Je, mzee atembee wapi?

Mbondei_Halisi
Bustanini, na kwenye barabara za chai. Njia za maporomoko zina mteremko mkali, aziache. Kiingilio lipieni Sigi na mchukue mwongozaji hapohapo. Gari liwe la juu. Viatu viwe vya kushika ardhi, ule udongo mwekundu unateleza hata mwezi wa nane.