Kangaga-mti: gogo lake kwa nguzo na okidi, na namna ya kuupanda upya

shamba_la_kijitoni
Wakuu, habari zenu. Kando ya kijito shambani, Lushoto, ipo kangaga-miti (Cyathea manniana) kama kumi na mbili, ya mita tatu hadi tano. Miwili imedondosha majani yote. Je, magogo yake yanafaa nguzo za uzio? Zile nyuzi nyeusi za shinani zinafaa kupandia okidi? Na nikikata mbichi, kisiki kitachipua, au nichomeke kipande cha juu kama muhogo?

mwanamisitu
Mkuu, naanza na hilo la mwisho kwa sababu ndilo lenye hasara. Kisiki hakichipui na kipande cha juu usikitegemee kushika. Muhogo una macho kila pingili, lakini mti huu una jicho moja tu, kileleni, katikati ya machipukizi yaliyojikunja. Ukilikata, umeua mti wote.

Hiyo miwili nayo usiihesabu imekufa kabla ya kuikagua. Ukame mkali unaweza kuangusha majani huku jicho likiwa zima. Panda ngazi, bonyeza kichwa: kikiwa kigumu, uache. Kikiwa kimelainika na kunuka, umekwisha. Vaa glavu nene, maana vikonyo vina miiba mikali, na miwani, kwa kuwa magamba membamba ya kichwani huwasha macho.

Gogo lililokauka linafaa nguzo. Sehemu ya nje ni ngumu, haiozi upesi penye unyevu, na mchwa hawaipendi. Kiini ni laini na huoza kwanza, hivyo usishangae kukuta tundu katikati. Msumari haushiki vizuri, zungushia waya. Usilitwishe paa.

Sheria: Cyathea imo kwenye Kiambatisho II cha CITES (mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini), kwa hiyo gogo au hata kipande chake hakivuki mpaka bila kibali. Ndani ya hifadhi usiguse hata lililoanguka. Shambani kwako pia, waulize TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) wa wilaya kabla ya kushika panga.

okidi_na_kivuli
Kwa okidi, tumia sehemu ya chini ya gogo tu. Ule unene wa chini si mbao, ni mizizi myembamba iliyoteremka na kusokotana kulizunguka shina. Juu mizizi hiyo ni michache, kipande chake hakina nyuzi za kutosha.

Pasua vibao vya unene wa sentimita 3 hivi, ondoa kiini chote kilicho laini (kikibaki kitaoza na kuleta ukungu kwenye mizizi), loweka siku nzima, kisha funga okidi kwa uzi wa nailoni wa kuvulia. Okidi za jamii ya Aerangis na Polystachya hukaa vizuri hapo. Usikate uzi mpaka uone mizizi mipya imeshika kibao yenyewe. Nyuzi hizi hupitisha maji haraka, kwa hiyo kiangazi nyunyizia kila asubuhi.

kitalu_cha_mlimani
Kuupanda upya ni kwa spora (chembe za uzazi zilizo chini ya majani), na kunataka subira. Tafuta jani ambalo vidoa vya chini vimekuwa kahawia lakini havijapasuka vyote. Liweke ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa, pakavu pasipo na upepo, siku mbili. Vumbi laini litakalobaki ndilo spora.

Jaza kontena la plastiki lenye mfuniko mchanganyiko wa udongo wa msituni na mchanga, nusu kwa nusu. Mwagia maji yanayochemka, funika, acha yapoe. Hatua hii wengi huiruka, na ndipo kuvu na mwani huwahi kufunika kila kitu. Kisha nyunyiza spora kidogo sana, mithili ya chumvi juu ya yai, usizifukie. Funika, weka kwenye mwanga usio na jua la moja kwa moja.

Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani, kisha vijani bapa vyenye umbo la moyo. Hicho bado si kangaga. Chembe za kiume lazima ziogelee kwenye maji kufikia yai, kwa hiyo vijani hivyo vinyunyizie maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ukiviacha vikauke, vitabaki hivyo hivyo bila kuzaa kitu. Vikitoa majani halisi ya sentimita 2 au 3, hamisha kwenye viriba na fungua mfuniko kidogo kidogo kwa wiki mbili. Ukifungua ghafla vinasinyaa vyote siku moja.

Shambani panda penye kivuli, karibu na maji, pasipo upepo. Ukimwagilia, lowesha shina pia, maana mizizi iko hapo.

shamba_la_kijitoni
Asanteni sana. Mbichi siigusi. Kwa okidi zitakazozidi vibao, makumbi ya nazi yanafaa?

okidi_na_kivuli
Yanafaa, ila uliza yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusuka kamba yamejaa chumvi, na chumvi huunguza ncha za mizizi ya okidi. Loweka kwenye maji baridi siku tatu, ukibadilisha maji kila siku. Onja maji ya mwisho: yakiwa bado na chumvi, rudia. Pia makumbi hushika maji kuliko nyuzi za kangaga, hivyo punguza kumwagilia.