Tupeane uzoefu: ulihamaje na vyombo vyako hapa Nyanda za Juu Kusini, na nini kilikukuta njiani?

Mpangaji wa Ilomba
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nahama, natoka Ilomba naenda Uyole, hapahapa Mbeya, mimi, mke na watoto wawili. Tunakaa vyumba viwili tu, lakini leo nimeanza kutoa vitu uvunguni ndio nimejua kumbe nina vitu. Mke wangu kakutana na viatu vya mtoto wetu wa kwanza, vile alivyojifunzia kutembea, kavishika, kakaa navyo kitandani, na kazi ikaishia hapo.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Mchana pale Mafiati nimekuta guta, lile la mizigo la matairi matatu, limelala ubavu na vyombo vya watu. Sahani zimesagika, kabati limefunguka mdomo, na mama mmoja ameinama barabarani anaokota vijiko kimoja kimoja huku magari yanampigia honi. Hakuna aliyeshuka kumsaidia. Nikashuka mimi na mwenye bajaji niliyopanda. Yule mama mikono ilikuwa inatetemeka, akawa anarudia tu, "Nilimwambia afunge kamba, nilimwambia."

Sina hela ya kulipa watu wa kunifungia na kunibebea. Nitafunga mwenyewe. Mliopitia hili nielekezeni, na mtuambie yaliyowakuta.

Baba Tumaini
Kuhama ni nusu ya msiba. Nimekaa hapa nasoma.

Fundi Baridi
Mimi ni fundi wa mafriji, Mwanjelwa. Kila mwisho wa mwezi naletewa friji zilizouawa na kuhama, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Izime siku moja kabla, barafu iyeyuke, mwaga maji yote, kausha kwa kitambaa. Mlango ufunge kwa mpira wa baiskeli, solotepu ikibanduka inaondoka na rangi. Isafiri imesimama. Ikibidi kuilaza kwa sababu gari ni dogo, ukifika isimamishe na usiiwashe. Iache mpaka kesho yake, oili irudi kwenye kompresa. Watu wanafika na hamu ya maji ya baridi, wanachomeka palepale, kesho wananipigia simu.

Mzee wa Kihesa
Fundi unatisha watu bure. Mimi friji yangu imetoka Dar hadi Iringa imelala chali, mlima Kitonga wote imelala chali, tukafika saa nne usiku nikaiwasha. Mwaka wa sita huu inagandisha.

Fundi Baridi
Ulibahatika, mzee wangu. Usimpe mtu bahati yako kama ushauri. Wewe iliamka, mimi ninazo tatu hapa hazikuamka.

Mzee wa Kihesa
Nimesema yaliyonikuta. Uzi unauliza uzoefu, nimeleta uzoefu.

Binti Igawilo
Guta usipande nalo mlima. Lile ni la tambarare. Mimi nilihama Mwanjelwa kwenda Itezi na guta moja, kitanda, magodoro mawili, gunia la mahindi. Kwenye kale kamlima likaanza kurudi nyuma. Mwenye guta anapiga kelele "wekeni jiwe, wekeni jiwe," mimi nimebeba TV mikononi sina mkono wa kuweka jiwe. Mwanafunzi aliyekuwa anapita na mkoba wake ndiye aliyeweka. Sikumjua, sijamwona tena, Mungu ambariki popote alipo.

Tafuta kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo. Uyole kutoka hapo Ilomba patana naye kabisa kabla hajapakia, akishapakia bei inabadilika.

Kapeto
Nakazia hapo kwenye bei. Na umuulize kama bei ni pamoja na kupakia na kushusha. Mimi nilishushiwa getini nikaachwa na kabati la milango mitatu na mvua ya Machi inanyesha.

Mama Wawili Njombe
Nati na skrubu za kitanda weka kwenye soksi, funga fundo, soksi ifunge kwenye mguu wa kitanda hichohicho. Sisi tulilala chini siku tisa Makambako kwa sababu ya nati nne.

Mwana Mlandege
Pita kwa mwenyekiti wa mtaa akuandikie barua kwamba unahama na vyombo ni vyako. Watu wanadharau hiki kikaratasi. Mimi nilitoka Mafinga kuja Iringa jioni, giza likatukutia njiani, tukasimamishwa na askari. Godoro, TV na mtungi wa gesi nyuma ya gari usiku, nani asikudhanie mwizi? Tulishushwa, nikaulizwa risiti ya TV ya mwaka 2014. Nitaitoa wapi? Ile barua ndiyo iliyotuondoa pale. Na hama mchana.

Mnyamala
Mchana majirani wote wanasimama kuhesabu vyombo vyako, wanajua una sufuria ngapi. Mimi nahama usiku na nitaendelea kuhama usiku.

Mwana Mlandege
Endelea. Siku ukikutana nao utanikumbuka.

Mnyamala
Usinitakie mabaya ndugu.

Mwalimu wa Zamani Makete
Huwa nasoma tu siandiki. Ila ndugu wa Ilomba umetaja viatu vya mtoto, nimeshindwa kupita.

Julai 2009. Nilikuwa nafundisha shule moja ndani kabisa huko Makete, nikapata uhamisho kuja Mbeya kumfuata mwenzangu. Pesa ya uhamisho nikaambiwa nisubiri. Nilisubiri miezi minne, na mtoto mgongoni wa miezi mitano. Nikasema basi. Nikauza mbuzi wangu wawili nikakodi Canter iliyokuwa imeleta saruji na inarudi Mbeya tupu.

Nilifunga mwenyewe kila kitu. Sahani nilizivingirisha moja moja kwenye karatasi za mitihani ya zamani, nikazisimamisha kwa ubavu ndani ya ndoo, katikati nikashindilia nguo za mtoto. Haikuvunjika hata moja. Kulikuwa na magunia mawili ya viazi, ngano madebe manne, vitabu, kuku sita kwenye tenga, godoro, na kitanda cha tano kwa sita cha paini, nilichochongewa na fundi wa palepale kijijini kwa mshahara wangu wa kwanza. Kile kitanda nilikipenda.

Dereva alisema tunatoka saa nne asubuhi. Tulitoka saa tisa alasiri. Mnaoijua njia ya Kitulo mnaelewa ninachosema: ukishapanda kule juu ni nyasi mpaka macho yanachoka, nyumba hakuna, mti hakuna. Masika ni maua, watu wanatoka mbali kuja kuyatazama. Julai ni upepo. Jua linazama, klachi ikaisha. Gari inanguruma haisogei. Dereva akaingia chini, akatoka, akanitazama, akamtazama mtoto, hakusema neno. Mtandao wa simu hakuna. Gari nyingine hakuna.

Utingo, kijana wa miaka kama kumi na saba, akasema kuna taa aliiona tulikotoka. Akachukua tochi akaondoka kwa miguu. Mimi na mtoto tukabaki kabini. Kufika saa mbili usiku vioo vilikuwa vinatiririka maji kwa ndani. Saa tano yale maji yakawa yameanza kuganda pembeni ya kioo, nayashika kwa kidole ni magumu. Nikamshika mtoto miguu, kama nimeshika chuma. Alikuwa analia sana, kisha akaacha kulia. Wazazi mnajua. Mtoto akilia unajua yupo.

Nikamwambia dereva, "Kaka, shusha kitanda changu tukichome." Hakunielewa. Nikarudia. Pale hata ukisema uokote kuni utaokota nini, ni nyasi. Akapanda juu, akafungua turubai, akakishusha. Chaga tulizivunja kwa kuziegemeza kwenye tairi na kuzikanyaga. Tukawasha katikati ya barabara kwa tambara lenye dizeli. Paini ina utomvu, ilishika upesi. Godoro tukalisimamisha upande wa upepo, tukaliegemezea magunia ya viazi lisianguke, nikakaa katikati ya godoro na moto. Mtoto nikamvua, nikamweka kifuani ngozi kwa ngozi, blanketi juu, na juu ya blanketi koti la dereva. Yeye alibaki na shati. Usiku kucha alizunguka ule moto akipiga mikono.

Zilipoisha chaga tukachoma mbavu. Halafu meza. Halafu viti, kimoja kimoja.

Kama saa nane mtoto akafungua macho akatafuta ziwa, akanyonya. Nililia kwa sauti pale porini na dereva akageuka akatazama pembeni.

Alfajiri utingo akarudi na wanaume wawili wa shamba la ng'ombe, wameleta maziwa ya moto kwenye chupa ya chai. Miguu yake ilikuwa imevimba, hakuwa na soksi. Tulivutwa na trekta. Nimefika Mbeya na godoro, viazi, kuku na sahani.

Baba Tumaini
Mwalimu shikamoo. Nimesoma mara mbili.

Binti Igawilo
Nimemwita mume wangu aje asome. Pole sana mwalimu wangu. Mtoto yuko wapi sasa?

Kapeto
Samahani, lakini kioo cha gari kugandia ndani, Tanzania hii? Chai hiyo.

Mama Wawili Njombe
Kapeto umezaliwa wapi wewe? Huku Julai asubuhi sakitu imelala kwenye nyasi nyeupe kama zimemwagiwa unga, viazi vinaungua majani kwa baridi. Na Kitulo iko juu zaidi yetu. Muombe mwalimu radhi.

Kapeto
Nimekaa Kyela maisha yangu yote, huku joto. Kama ni kweli basi naomba radhi mwalimu, sikuwa najua.

Mlinzi wa Nyasi
Pole mwalimu. Ila niseme moja, maana vijana wanasoma. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Moto mmoja wa Julai na ule upepo unaweza kula nyasi kilomita na kilomita. Mtu asijifunze hapa kwamba ukikwama unawasha tu.

Mnyamala
Mtoto anakufa na baridi wewe unalilia nyasi?

Mlinzi wa Nyasi
Sijasema amwache afe. Nimeona moto kule kwa macho yangu, najua ninachozungumza.

Mzee wa Kihesa
Mimi lawama yangu iko kwa dereva. Saa nne ikawa saa tisa, kisa nini? Angetoka mapema klachi ingeisha mchana, wangepata msaada.

Mwalimu wa Zamani Makete
Ndugu Mlinzi uko sahihi. Tuliwasha kwenye changarawe, katikati ya barabara, na dereva alifyeka pembeni kwa koleo kabla hajawasha. Asubuhi majivu tuliyafukia.

Mzee wangu, huyo dereva naomba msimguse. Alichelewa kweli, alikuwa anasubiri abiria wa nyongeza. Lakini alinivulia koti. Tulipofika Uyole alikataa nusu ya hela iliyobaki. Akifa kabla yangu nitaenda kumzika.

Binti, mtoto ni msichana, sasa amenizidi urefu. Kipo kitu kimoja cha kile kitanda hatukukichoma, kile kibao cha kichwani, kulishapambazuka. Analalia hicho. Nilimchongea kitanda kipya nikamwambia fundi afunge kibao hichohicho.

Baba Tumaini
Sina cha kuongeza.

Mwana Mlandege
Tumemsahau mwenye uzi wake.

Mpangaji wa Ilomba
Msijali, nimesoma yote na mke wangu. Vile viatu amevitoa kwenye boksi kaviweka kwenye mkoba wake wa mkononi, kasema havipandi kirikuu. Barua ya mwenyekiti nafuata kesho. Jamani swali limebaki moja: shoo kesi ina vioo sita. Nivitoe au nivifunge humohumo?

Mnyamala
Viache humo, ingiza mito na nguo ndani ijae mpaka isicheze.

Fundi Kabati Soweto
Usimsikilize. Vitoe. Kila kioo kivingirishe kwenye blanketi lake, visafiri vimesimama katikati ya magodoro mawili, usivilaze hata kidogo, kioo kilicholala kinapasuka kwenye tuta la kwanza. Na vipini vya milango viweke mfukoni mwako. Jumamosi sina kazi. Nitakuja na kijana wangu na kamba za katani, chakula tu. Niambie saa ngapi.

Mpangaji wa Ilomba
Saa moja asubuhi. Nimekutumia namba faragha. Ndaga fijo, kaka.